Konzi Mbili

Mimi ni Lali wa Madi,
mpima mtama stadi,
kutoka kibaba hadi
pishi ninawapimia.

Pishi yetu ni ya kale,
ukingo una upele,
haidhulumu uwele,
mtu hajalalamia.

Siku moja hapo Yumbe
walitufika wajumbe,
vilemba rangi ya embe,
Pate wametutumia.

Hawakushika upanga,
walikuja na kitunga
kimezungushiwa shanga,
na hariri juu pia.

Ndani: pishi ya mpingo,
shaba yang'ara ukingo,
na nakishi kama shingo
ya njiwa akiringia.

"Ndugu zetu, pishi yenu
imechoka. Soko lenu
na letu moja. Ni yenu
hii, tunawapatia."

Tukashukuru, tukala,
wageni nao wakala,
na godoro la kulala,
sufi, tukawatandia.

Nami usiku ghalani
nikaweka sakafuni
mpya kando ya zamani,
mtama nikazitia.

Pishi yetu ya kujaa
ndani ya yao yakaa
kama mtoto kavaa
kanzu babu kamwachia.

Konzi mbili zapungua
kila pishi. Kila jua
likichwa, wanachukua,
nasi tunashangilia.

Mwana Ngema wa Langoni,
muuza ufuta chini,
alikuja kwangu: "Nani
ufuta ananilia?"

Nikamwambia Shekuwe,
mkuu wetu, ajuwe.
Akaangalia mawe
ya ukuta, kanambia:

"Konzi mbili si kilio.
Wao ndio kimbilio.
Siku ya mashambulio
nani tutamlilia?"

Nikasema: "Wakitaka
konzi ya tatu kwa mwaka?"
Shekuwe alipocheka
macho hayakuingia.

Miaka ilipokwenda
Pate ikawa yakonda,
Lamu nayo ikapanda,
chokaa ikanukia.

Shekuwe akaniita,
gogo mbele akavuta,
mpingo wenye mafuta.
"Chonga pishi," kanambia.

"Ya Ndau. Ni ndugu zetu.
Pishi yao si ya watu.
Soko lao soko letu.
Tia shaba, tia nia."

Nikashika tezo yangu,
mate yakawa machungu.
Kauliza kinywa changu
bila mimi kuridhia:

"Bwana, konzi ziwe ngapi?"
Akapuliza makapi,
yakaruka hata wapi,
kisha akanyamazia.

Ya Ndau nikamaliza,
konzi moja nikakuza,
moyoni nikajituza:
"Moja. Nimehurumia."

Tukakitoa kitunga,
kilekile, zile shanga,
chache tulizoziunga,
na hariri juu pia.

Ile yetu ya upele
imelala nyuma pale.
Fitiri yangu, mchele,
kwayo ninaipimia.