Pazi Alipozima Kipaza Sauti

Banda lilikuwa Buguruni, nyuma ya mashine ya kusaga:
mabati ubavuni, turubai juu, mabenchi ya mbao za makasha.
Mlangoni nilikaa mimi na kopo la sarafu,
mia mchana, mia mbili usiku.

Pazi alikuwa mdomo wa kila mtu.
Mwanajeshi wa Uchina alitukana kwa Kiswahili cha Pazi,
bibi harusi wa Kihindi alilia kwa koo la Pazi,
hata farasi, siku akijisikia, walisema.
"Mwangalieni huyu shemeji," angetuambia,
"ana mambo ya Ilala Bungoni huyu."
Tulicheka, na pale kiooni
mtu ameshakufa bila kuombolezwa.

Jumanne moja ya mvua ikaja kanda isiyo na jalada.
Lugha yake hatukuijua. Pazi naye hakuijua,
ila hilo halikuwahi kumzuia.
Akatunga jina la mji, akabuni ugomvi wa shamba,
akampa mwenye ndevu deni.
Kisha mwanamke akaingia chumbani,
akafungua kabati, akatoa shati la kiume,
akalifunga vifungo, kimoja kimoja, likiwa tupu,
mpaka cha shingoni.
Akalilaza upande wa pili wa kitanda.
Akazima taa.

Pazi alivuta pumzi; tuliisikia kwenye spika.
Halafu, tk.
Amezima.

"Tafsiri!" akapiga kelele Chande muuza betri. "Tumelipa!"
Mvua juu ya turubai.
Mtu gizani akamjibu: "Kwani huoni?"
Chande akaja mlangoni kudai mia mbili yake.
Nikamrudishia. Haki yake.

Leo nakata filamu Sinza, chumba cha feni moja.
Mwongozaji ameniletea kilio cha dakika saba:
mke anamwambia mume kwamba amejua,
kisha anaeleza alivyojua,
kisha shoga yake anabisha hodi ili aambiwe upya.
Nafuta. Nafuta tena.
Nabakiza simu ya mume ikiita juu ya friji
na mke anachagua mchele:
jiwe, chuya, jiwe, chuya, jiwe.
"Maneno yangu yako wapi?" ataniuliza kesho,
nami sitakuwa na jibu zuri,
maana sisemi maneno ni takataka.

Benchi la mbele, usiku ule, alikuwepo Kirumbi,
fundi magodoro, kipofu tangu surua ya utotoni.
Alilipa kama wengine. Alikuja kwa ajili ya sauti.
Banda lilipokufa ganzi akageuza uso, huku na huku,
akauliza polepole: "Kumetokea nini?"

Pazi akashuka kwenye kiti chake,
akapita katikati ya magoti yetu,
akainama sikioni mwake.

Alimwambia nini, mpaka leo sijui.
Niliona tu mkono wa Kirumbi ukipanda kifuani,
ukafika shingoni,
ukatafuta kifungo.