Sentimita Kumi na Moja

Isongole, Juni, ukungu umelalia viazi,
nawe, Lwitiko, koti la mpira, miwani ya kuchomelea,
unaupima mkia wa helikopta kwenye mizani ya gulio.
Kilo tisa na robo.
Ukauteremsha, ukaukata, ukaupandisha tena.
Nane na nusu.
"Hii si lumbesa," ukatuambia.
"Mchuuzi anashindilia. Mimi napunguza."

Ulipunguza miezi kumi na sita.
Injini ya Datsun iliyozama mto Kiwira,
kiti cha basi lililolala Mlima Nyoka,
mabomba ya mradi wa maji
ulioondoka kabla ya maji,
na mapanga mawili ya paina uliyoyapiga randa
mpaka yakaimba ukiyapuliza.

Subilaga, mkeo, alihesabu mabati ya jiko:
jana kumi na manne, leo kumi na moja.
Hakusema kitu. Alihamisha sufuria
pasipovuja,
na kesho yake akalihamisha tena.

Walikuita Pangaboi. Uliitika.

Mara ya kwanza kuwaka
ilizunguka yenyewe kama pia,
ikakata kamba mbili za ng'ombe kati ya nne.
Ulishuka, ukatapika kwenye magimbi,
ukafuta mdomo kwa kiganja chenye grisi,
ukasema, "Mkia."
Neno hilo tu, kisha ukaenda kulala.

Mara ya pili uliniita mimi,
darasa la sita, kwa kuwa nilikuwa na rula.
Nililala kifudifudi uwanjani kwa shule,
shavu kwenye umande, jicho usawa wa bomba la chini.
Ukawasha.
Nyasi zikalala nami.
Kofia ya Mwalimu Atupele ikajiendea migombani,
wanafunzi wakapiga kelele nisizozisikia,
nikaona midomo tu.
Halafu mwanga.
Mwembamba, kati ya bomba na nyasi,
ukapanuka,
na ng'ambo yake, chini ya chombo chako,
nikamwona mbuzi wa kina Mwaisaka
amesimama anatafuna.
Nikasoma kama tulivyofundishwa, jicho wima:
kumi na moja.
Sekunde sikuhesabu. Nisamehe.
Hukuniambia nihesabu, nami sikuwa na saa.

Jumatatu wakaja watu wa serikali.
Wakauliza kibali cha anga.
Ukauliza anga inaanzia sentimita ya ngapi.
Hawakucheka. Walichukua betri na plagi nne,
wakakuandikia risiti,
nawe ukaitunza ndani ya Biblia
mpaka kifua kilipokuchukua, mwaka ule wa mvua nyingi
tuliposukuma gari la jeneza kwenye utelezi
na mtu mmoja, sitamtaja, akanong'ona,
"Angekuwepo, angepunguza uzito."
Subilaga ndiye aliyecheka wa kwanza.

Panga moja sasa ni boriti ya banda la kuku.
La pili ni benchi, wanunuzi wa viazi hulikalia
wakibishana bei ya gunia.
Mabati yamerudi jikoni na matundu yake ya ribiti,
asubuhi jua huingia nukta nukta
juu ya mikono ya Subilaga akimenya.

Wageni huniuliza, eti iliruka kweli?
Wanataka mawingu.
Wanataka niwaonyeshe mlima ilioupita.
Mimi huwapeleka uwanjani,
nawaambia walale chini, na makoti yao mazuri,
shavu kwenye umande.
Wengi hukataa.
Anayekubali, namwonyesha mbuzi aliposimama.