Ngazi ya Itiji

Kabla ya ngazi tulishuka kwa matako.
Masika ya Mbeya hayana adabu:
ukungu unameza Loleza, udongo unageuka mlenda,
na mtu mzima na heshima zake, mkungu wa ndizi kichwani,
anafika bondeni kabla ya viatu vyake.

Akaja Anyosisye na pipa lililokatwa juu,
mchanga wa mtoni, magunia ya chupa tupu.
Tulimcheka. Moshi ukatukohoza, tukamtukana.
Alikoroga plastiki kama ugali wa msibani,
mwiko kwa mikono miwili, jasho puani,
akamwaga kwenye fremu za mbao.
Yakatoka matofali meusi, mazito, yasiyokunywa maji.
Kingoni akapanga matairi ya malori ya Tunduma
yaliyokula barabara mpaka yakaisha meno,
akayashindilia kokoto:
tulieni sasa, zamu yenu kuliwa na nyayo.

Magunia matatu yalitoka kwetu.
Chupa za matanga ya baba,
maji waliyokunywa waombolezaji siku nne.
Tusekile alizihesabu, mia nne na kumi na mbili,
akaziuza kwa kilo
tukapunguza deni la turubai.

Mama hakuisamehe hesabu ile.
Siku ya kufungua, watu walipanda kwa vigelegele;
yeye akapita kando, topeni, akishikilia majani.
“Siwezi kukanyaga kilio cha watu.”
Tukamwambia chupa ni chupa tu, mama.
Tukamwambia nyonga yako, mama.
Akatupa mgongo, mgongo wenye matope.

Machi, umeme umekatika, mvua ya kuchapa,
nilimkuta katikati ya ngazi,
kandambili mkononi, miguu mitupu,
ameinama anapapasa tofali kwa kidole
kama anayetafuta sindano.
Nikamulika kwa simu.
Kizibo cha bluu, kizima kabisa,
kimenasa kwenye weusi ule, kimegoma kuyeyuka.

Akakitazama muda mrefu, mvua ikimtiririka shingoni.
“Huyu,” akasema, “hata humu ni mbishi.”
Akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu Septemba.
Akapanda, hakutaka mkono wangu.

Siku hizi anaitumia ngazi kama sisi sote,
asubuhi sokoni, jioni nyumbani,
ila tofali lile halikanyagi.
Analiruka.
Umri ule, na magoti yale.