Paja la Parachichi

Mwanasesere hakufika.
Alikwama Uyole, alisema Daktari Mwaisumo,
ndani ya gari lililokatika ekseli,
amelala bokisini, kifua wazi, akitusubiri.
Basi tukagawiwa maparachichi.

Hapa Rungwe, mwezi wa tano, parachichi halina bei;
watoto hulipiga teke wakitoka shule.
Kila muuguzi akapewa lake, bado gumu,
na bomba la sindano lenye maji ya chumvi.
"Hili ni paja," akasema. "Katikati, upande wa nje.
Wima. Suruali isikuchelewesha, ichome nayo."
Nikachoma. Ganda likakataa kidogo,
kisha likakubali,
kama mlango uliovimba kwa mvua.

Ikaja zamu ya mtu mzima.
Gwamaka mlinzi akajilaza, buti miguuni,
shingoni tumempaka rangi ya mdomo iwe vipele.
"Nyuki," akasema, "kule kwenye chai,"
akaanza kukoroma, akazidisha,
Anyambilile wa maabara akacheka hadi akashika ukuta.
Daktari hakucheka. Alibonyeza saa.

Nani anaongoza? Tukatazamana.
Presha imeshuka, nami namkalisha mgonjwa!
"Mlaze. Inua miguu."
Tusekile amekimbilia pirtoni,
mwingine haidrokotisoni,
dawa za adabu, za kupiga hodi
nyumba ikiwa inaungua.
"Adrenalini!" nikapaza sauti. "Nusu mililita!"
Nikalikimbilia kabati.

Kabati limefungwa.
Ufunguo uko kwa Sista Kasyupa,
na Sista Kasyupa yuko kwake, mlimani,
anaanua nguo, maana wingu limeshaugusa mgomba wa kwanza.

Dakika nne.
Dakika sita.
Gwamaka ameacha kukoroma.
Amelala tu, mikono kifuani,
macho ameyafumba vizuri mno,
na hakuna anayecheka.

Maana tunamjua aliyelala kitanda hikihiki
mwaka juzi, mwezi wa tatu,
kamba ya kikapu cha chai bado begani,
midomo imevimba, akionyesha koo kwa kidole
kama mtu aliyesahau neno.
Subilaga. Hatukumtaja.
Kwenye faili tuliandika: moyo.
Siku ile pia tulitafuta ufunguo,
tukaupata, nadhani, wakati wa kufungulia shuka jipya.
Mama yake alitushukuru.
"Mmehangaika sana, wanangu," alisema.
Neno hilo bado nalala nalo.

Daktari akazima saa. Hakuuliza kosa la nani.
Aliuliza, "Nyundo iko wapi?"
Gwamaka akafufuka, vipele vyake vimemchafua kola,
akaileta kutoka kibandani pamoja na msumari wa inchi nne,
akaugongelea pale pale, usawa wa macho ya mfupi wetu.
Ufunguo ukatundikwa, na utepe mwekundu wa bendeji.

Haraka haraka, tulifundishwa, haina baraka.
Tukaanza upya. Tukaanza upya tena.
Mara ya tano, tangu kelele hadi paja,
sekunde arobaini na nane,
na Tusekile ameshaandika saa mkononi kwa kalamu,
tayari kuhesabu dakika tano za sindano ya pili,
huku Gwamaka akilalamika kwamba miguu
imeinuliwa hata imekufa ganzi.

Parachichi langu niliacha dirishani.
Likaiva siku ya sita, zamu ya usiku,
ukungu umeziba hata taa ya geti.
Nikalipasua, chumvi kidogo kwenye kiganja,
lakini kwanza nikaitafuta njia ya sindano:
uzi wa kahawia, umenyooka,
umeishia karibu na kokwa.

Nikala.
Kisha nikainuka, nikaenda kuugusa ufunguo.
Baridi. Upo.
Baada ya saa moja nikaenda tena.