Ganzi

Kabati la marehemu ndilo studio yangu.
Kanzu zake kumi na tisa sijazigawa,
mwanzo kwa huzuni, sasa kwa sababu
pamba hunyonya mwangwi kushinda sponji
aliyotaka Mwakideu ninunue.

Agosti, Al-Khoudh. Nazima kiyoyozi
maana kipaza sauti husikia kila kitu:
friji ya jikoni, tumbo langu lenye njaa,
watoto wa jirani wakigombea baiskeli.
Nafunga mlango. Nyuzi arubaini na tatu.
Nasoma nimejifunga kanga moja, taulo shingoni,
mtu asije.

Mwakideu yuko Voi, na masikio yake ya popo.
"Bi Thuwaiba, ukurasa wa mia na tatu
umemeza 'lakini'."
Narudi. Naitema 'lakini'.
Adhana ikianza nakata katikati ya sentensi,
muuaji namwacha na mkono kwenye kitasa,
naenda kusali, narudi,
bado yupo, ananingoja nimruhusu kufungua.

Alhamisi vinatoka. Mwezi huu vitatu,
vyote kwa koo hili hili:
riwaya ya mauaji katika kiwanda cha katani;
kitabu cha figo, cha daktari mmoja
anayelipenda mno neno "aidha";
na hadithi za watoto, ambamo nimekuwa
kenge, mama kenge, na mvua.
Kutoka kimoja kwenda kingine
nabadilisha mkao tu. Kwenye figo nakaa wima.
Kwenye kenge nachuchumaa.
Kwa muuaji navua miwani,
sijui kwa nini, sauti hupata ubaridi.

Nalipwa kwa saa iliyokamilika,
si kwa saa niliyotokwa jasho.
Mwanangu Ghassan huniuliza, kwa Kiarabu,
nani anasikiliza? Namwambia, watu.
Watu gani? Watu, mwanangu, watu,
nami sijapata kumwona hata mmoja.

Jumatatu jino likanitoa machozi.
Zahanati ya Al-Hail, daktari kijana,
sindano mbili. "Subiri nje dakika kumi."
Nusu ya uso ikahama.
Ulimi ukawa wa mtu mwingine, mzito
kama godoro lililonyeshewa.

Ndipo nikamsikia.
Alikuwa mfukoni mwa dada anayepiga deki:
mwanamke anaeleza kiwanda usiku,
harufu ya katani mbichi, kitasa.
Sauti nzuri. Nikajiuliza, nani huyu?
Kisha akavuta pumzi kabla ya "akafungua",
na pumzi ile nikaijua: ni ya baada ya sala,
bado ina maji ya udhu.

Beji ya dada iliandikwa Mejumaa.
Deki ilikuwa imesimama. Sakafu, nusu inang'aa
nusu ina nyayo za wagonjwa.
Nikamgusa bega. Nilitaka kusema ni mimi,
dada, huyo unayemsikiliza ni mimi.
Kikatoka: "Mi mwimwi."
Mate yakanidondoka kidevuni.
Akanipa karatasi laini mbili, kwa huruma,
akaweka kidole mdomoni:
"Pole mama. Nyamaza kidogo,
huyu bibi anakaribia kumtaja."

Nikanyamaza.
Tukamsikiliza sote wawili, mimi kwenye kiti
cha plastiki, yeye juu ya fimbo ya deki.
Muuaji namjua, nimekaa naye kabatini wiki tano.
Hata hivyo alipotajwa, Mejumaa akajipiga paja,
"Nilijua! Nilijua ni mhasibu!"
nami nikashtuka, wallahi, nikashtuka.

Mlango ukafunguliwa, nikaitwa kung'olewa.

Nyumbani nikamwandikia Mwakideu:
leo sisomi, mdomo haupo.
Akajibu: kitabu cha ufugaji nyuki kinangoja,
sura ya kwanza ina majina magumu ya maua.
Ganzi ikanitoka saa tatu usiku,
ikianzia mdomo wa juu, kidogo kidogo,
nikiwa nimesimama kizani kati ya kanzu
najaribu maneno, moja moja, yalivyokaa.
La kwanza kutoka sawasawa
lilikuwa "lakini".