Hapa Palipokuwa na Reli

Kilomita chache kabla ya Mtama, ukitokea Nachingwea,
Chilumba Nandonde alikuwa akipunguza gia:
ya nne, ya tatu, ya pili, kisha breki,
magunia themanini ya korosho yakiguna mgongoni.
Anazima redio. Anashusha kioo.
Kushoto. Kulia. Kushoto tena.
Na mbele yetu hakuna kitu:
upupu, mbuzi wawili, tuta la udongo
lililonyooka mno kuwa kazi ya Mungu.

Mimi utingo wake, miaka kumi na tisa, mdomo mrefu:
"Babu, reli waliing'oa mama yangu hajavunja ungo!"
Naye, bila kunitazama:
"Macho yako yameshafika Lindi. Masikio umeyaacha wapi?"

Safari ya tano au ya sita ndipo aliponieleza,
tena akiwa chini ya gari, anakaza boliti.
Kaka yake, Mfaume, aliendesha lori la karanga.
Treni aliiona. Hilo watu hawalisemi: aliiona.
Aliona moshi juu ya mikorosho, akapiga hesabu,
na hesabu ilikuwa sahihi,
ila injini ilizimika juu ya chuma cha pili.

"Treni haina usukani," sauti ilitoka chini ya ekseli.
"Dereva wake naye ni abiria.
Akishakuona, anachoweza ni kupiga honi
na kukutazama.
Nipe spana namba kumi na saba."

Mama yao aliletewa kiatu kimoja
na ufunguo uliopinda.

Karanga zilikataa kuota, reli ikang'olewa.
Vipande vilivyobaki vikawa nguzo za zizi,
vikawa fuawe ya mhunzi.
Chilumba hakuacha kusimama.
Siku moja, katika kimya kile, tulisikia tairi la nyuma likipumua.
"Umeona?" alisema, kama vile treni imepita.

Mwaka jana nilipeleka mzigo Morogoro.
Kwenye kivuko kimoja geti lilikuwa juu, taa haikuwaka,
mlinzi sijui alikwenda kunywa chai.
Mguu ulikanyaga breki kabla yangu.
Nyuma yangu walinitukana mpaka ukoo.
Kisha yakapita mabehewa ishirini na mawili.
Niliyahesabu, maana mikono yangu
haikuwa na kazi nyingine isipokuwa kutetemeka.
Matusi nayo yalikata, sijui saa ngapi.

Sasa barabara ya Mtama ni lami, Fuso ni langu,
na utingo wangu, Likunde, ananirekodi kwa simu:
"Bosi wetu huyu, anasubiri treni ya majini!"
Bodaboda inapiga honi. Nashusha kioo.

Ng'ambo ya tuta pana shule.
Chini ya paa la bati wamening'iniza kipande cha reli,
urefu wa mkono, kimeliwa na kutu pembeni,
na mwalimu wa zamu anakigonga kwa boliti.
Chuma kilekile. Sijui kama ndicho, lakini kilekile.
Sauti inakuja moja kwa moja, haikati kona.

Watoto wanamwagika barabarani
bila kutazama kushoto wala kulia.
Likunde ameshusha simu.
Nimesimama. Wanapita.
Wa mwisho amerudi kuokota ndala.
Naisubiri ndala.