Asiye na Kope

Nilidhani ni pilipili manga
imemwagika kwenye bakuli lako la maji.
Nikavaa miwani.
Pilipili ikaogelea.

Utitiri, Knedlík.
Siku tatu ulijiloweka humo
kama mama mkwe wangu kwenye maji moto ya Luhačovice,
nami nikasema, mwache astarehe.
Kumbe ulikuwa unawazamisha.

Mwenye wewe yuko Norwe, anapasua samaki.
"Miezi mitatu tu, mama,"
na hii ni theluji ya pili,
chatu wake bado yuko sebuleni kwangu,
mita moja na ushei ya deni.

Nilipanda tramu hadi dukani, kule Židenice.
Bwana Otakar, kidole chake cha shahada hakina ncha
(hakusema nani aliichukua, sikuuliza),
aliweka kopo mezani asiliachie.
"Kwanza nisikilize. Nilikuwa na mjusi
wa rangi ya ndimu changa. Nikaona mdudu mmoja tu,
nikapandwa na hasira,
nikapuliza mjusi akiwa ndani,
nikafunga kioo, nikaenda kulala."
Kisha akahesabu chenji yangu. Akaihesabu tena.

Basi nimelisoma kopo kama mkataba wa benki,
hadi kwenye herufi za chini kabisa
ambako ukweli hupenda kukaa.
Paka wa Bi Drahomíra nimemrudisha kwao akinung'unika:
dawa hii, kwa paka, ni mauti.
Glavu nimevaa. Dirisha nimelifungua
na Januari yote imeingia ndani na viatu vyake.

Wewe umo ndani ya foronya,
foronya imo ndani ya boksi lenye matundu,
boksi liko chumbani, mlango umefungwa,
juu ya kitanda, upande aliolala mume wangu.
Usiniulize. Ndiko kwenye joto.

Bakuli, nje. Matandiko, jalalani, mifuko miwili.
Lile gogo lako nimelioka kwenye oveni
pole pole, nikilichungulia kama keki,
nyumba nzima ikanukia msitu.

Halafu fyuu, kwenye pembe.
Fyuu, kwenye reli ya kioo, kwenye ufa
ambamo wao huketi wakingoja usiku.
Basi. Inatosha.
Mkono unataka zaidi, unataka kufurikisha,
unataka kuwaonyesha.
Mkono una chuki; kipimo hakina.

Sasa ni kungoja.
Nimegusa kwa karatasi: unyevu.
Nimemenya viazi. Nimegusa: unyevu.
Nimeandika kwenye kalenda ya jokofu, siku kumi mbele, RUDIA,
maana mayai yao hayajui kusoma
wala hayajali kwamba leo nimechoka.

Nimekuja mara moja kukutazama.
Umetoa kichwa kwenye foronya.
Miaka miwili nimekulisha panya kwa koleo,
uso nimegeuza, sikuwahi kuliona hili:
huna kope.
Sisi tukirushiwa kitu, tunafumba.
Wewe vumbi likija, liko nawe.
Mvuke ukija, uko nawe.
Chini ya magamba, kando ya jicho, mdudu mmoja mweusi
anakunywa taratibu,
nawe unanitazama mimi.

Nimemtoa kwa pamba yenye maji tu.
Dawa haina kazi usoni pako.
Ulitulia. Nami nilitulia,
nikashangaa mkono wangu wa kushoto
ulivyokuwa umekushika muda wote huo
bila kuniomba ruhusa.

Simu imelia. Ni Matouš.
"Mama, mbona unatetemeka meno?"
"Dirisha liko wazi."
"Tangu saa ngapi?"
"Tangu mchana."
"Basi lifunge, utaugua! Nyoka mwenyewe yuko wapi?"
"Kitandani kwangu."
Kimya. Nyuma yake, visu na maji yanayotiririka.
"Lifunge, mama."

Nimegusa tena kwa karatasi.

"Bado," nimemwambia. "Hapajakauka."